Mnyamwezi Aliyezikwa Bila Mimi

Mwalimu Maganga, mtumwa wangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini adabu kwanza, matusi baadaye. Ndivyo tulivyokubaliana tangu nikiwa mwanafunzi wako. Nimenyamaza kidogo hapo, nikakuachia nafasi ya marahaba yako. Haya, sasa tuanze.

Hivi wewe una akili kweli? Mtu mzima anakufa Julai? Mwezi ambao mtani wako yuko Ujerumani na watoto wa watu mkononi, hawezi hata kudandia lori la kurudi? Miaka yote hiyo nakuuliza lini unakufa tule ubwabwa, unanijibu kwamba Mnyamwezi hafi kwa amri ya Msagara. Nimegeuza shingo kidogo tu, ukafa. Hiyo ni dharau, Mwalimu, na nimekuja kukusema.

Maana mtani wako ni mimi, si mwingine. Baba yako alitoka Tabora akaja Rudewa kukata mkonge, akakuta babu zangu Wasagara wamekaa hapa tangu enzi, na utani wa makabila yetu ulikuwepo hata kabla ya huo mkonge. Mtani ndiye anayekuja msibani kuwachekesha wafiwa. Anamwigiza marehemu, anazuia jeneza njiani, anadai kuku ndipo aruhusu watu wapite. Msiba usiofikiwa na mtani ni kilio kitupu, na watu huusema mpaka wajukuu. Ndiyo maana tuliahidiana, mimi na wewe, pale ofisi ya walimu, na chaki mkononi: atakayetangulia, mwenzie atamcheka mpaka wafiwa washike mbavu. Ukaniongezea na onyo: "Ole wako ulie, Zaina. Nikisikia unalia nitaamka nikupe adhabu ya kufyeka uwanja mzima."

Halafu ukazikwa, mimi niko ng'ambo nakula viazi.

Habari ilinifikia kwa faksi. Kijana wa ofisini kwao Wajerumani aliniletea karatasi huku anatabasamu, masikini, hajui Kiswahili. "Mwalimu Maganga amefariki ghafla, presha. Anazikwa kesho Rudewa." Nikakaa kwenye ngazi. Unajua wazo la kwanza lililonijia? Si huzuni. Lilikuwa: sasa nani atamtukana? Wenyeji wangu wakaniletea chai, wakanishika bega, wakanipa pole kwa lugha yao. Nikashindwa kuwaeleza kwamba kinachoniliza ni kuwa Mnyamwezi wa watu anakwenda kuzikwa kwa heshima.

Na wangeelewa wapi? Hawa hawa si ndio walitaka kutuachanisha mwaka ule wa kwanza kule Mikumi?

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sabuni imerudi madukani, foleni zimekwisha, mitumba imejaa soko la Kilosa mpaka inamwagika njiani. Wewe ukazama kwenye lundo ukaibuka na koti. Koti la bluu, zito, refu, vifungo vinang'aa, mkanda kiunoni. Ukatutangazia darasani kwamba ni koti la rubani wa ndege. Tukaamini. Nani kati yetu alikuwa amemwona rubani?

Mwezi huo huo mkuu wa shule akapata taarifa: wanafizikia kutoka Ujerumani wanataka kuleta wanafunzi wao wakae na sisi Mikumi wakati wa likizo, tufanye majaribio pamoja, na mwaka utakaofuata baadhi yetu twende kwao. Wenyewe waliiita kambi ya kiangazi. Kiangazi! Asubuhi za Juni pale Mikumi hata nyani wanajikunyata. Wale vijana wakashuka garini na kaptula, magoti yamekuwa mekundu, na wewe umo ndani ya koti lako la rubani, unawatazama kwa huruma kama mwenye nyumba.

Kiongozi wao alikuwa Profesa Guduruni. Mwanamke mrefu, mwembamba, ndara na soksi ndani yake, na hacheki ovyo. Alikuwa na mkalimani, mwanafunzi wake Jonasi, aliyejifunza Kiswahili vitabuni. Jonasi alikuwa mkweli sana. Alitafsiri kila kitu, ungekohoa angetafsiri.

Basi asubuhi ya kwanza nikaja, nikapiga goti kidogo kama msichana aliyelelewa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umefika, mtumwa wangu?"

"Nimefika kukuzika, nashangaa bado unatembea. Lini unakufa tule ubwabwa?"

"Wasagara kwa njaa! Tangu lini mkaacha kula vya watu?"

"Nani kala vya nani? Babu yako alipita hapa kabeba pembe za wenzake kichwani, akaomba maji kwa babu yangu."

"Na babu yako akamwuzia! Maji ya Mungu, akayauza!"

Tukacheka, tukaenda kufungua masanduku ya vifaa. Nyuma yetu Jonasi alikuwa bado anatafsiri, na Profesa uso wake unazidi kuwa mweupe, ingawa ulishakuwa mweupe wa kutosha.

Kufika adhuhuri, kikao. Viti vimepangwa duara, katikati kuna karatasi laini za kufutia machozi, sijui machozi ya nani. Profesa akauliza taratibu, Jonasi akanigeuzia: "Zaina, je, unamwogopa mwalimu wako?" Nikajibu kwa uchangamfu kwamba simwogopi hata kidogo, tena siku akifa nitakuwa wa kwanza kufika na sahani yangu. Nilidhani namtuliza mama wa watu. Wewe nawe, badala ya kuniokoa, ukadakia: "Huyu ni mtumwa wangu wa kurithi, Profesa, msimsikilize." Jonasi akatafsiri na hiyo. Mtumwa wa kurithi!

Hukumu ikatoka hapo hapo. Kuanzia siku ile tuzungumze kwa heshima tu. Neno baya likisikika tena, Profesa ataomba wewe uondolewe kambini. Na wewe ulikuwa unaitaka kambi ile, Mwalimu. Niliona ulivyoishika ile saa ya kubonyeza waliyoileta, ukaipulizia, ukaifuta kwa pindo la koti. Miaka yote ulitufundisha kupima muda kwa mapigo ya mshipa wa mkono wako. Nikajisemea, Zaina, fumba mdomo, mzee asije akarudishwa Kilosa na basi la mchana kama mwizi wa kuku.

Tukaanza kuheshimiana. Mungu wangu, ile taabu! "Samahani Mwalimu, naomba kupita." "Pita, binti yangu, asante." Chakula hakishuki. Ulipungua, ukaacha hata kuimba. Wenzangu wa Kilosa wakanivuta pembeni wakauliza mmekosana nini, maana mtu na mtani wake wakianza kuheshimiana ujue kuna jambo zito.

Ndipo ikaja siku ya kupima mwendo wa sauti. Jaribio rahisi kuliko yote, tulilifanya Kilosa mara nyingi. Mimi nasimama mwisho wa shamba lililovunwa, kipande cha reli kimening'inizwa mtini, nyundo mkononi. Wewe uko mwisho wa pili, safari hii na ile saa ya kubonyeza badala ya mshipa. Unanipigia kelele, nagonga. Ukiona nyundo imegonga unabonyeza, ukisikia mlio unabonyeza tena. Unagawa umbali kwa muda, basi, umepata mwendo wa sauti.

Siku zote kelele yako ilikuwa moja: "Piga wewe mtumwa!" Fupi, kali, mkono unashuka wenyewe. Siku ile ukanyanyua mkono wa koti, ukaanza: "Binti Zaina, ukiwa tayari, tafadhali, ninaomba..." Upepo ukala maneno yaliyobaki. Nami sikutaka kukosea heshima mbele ya wageni, nikapiga goti kwanza ndipo nikagonga. Wewe ukaona nimeshuka, ukadhani ndiyo nagonga, ukabonyeza. Ukapiga hesabu. Kwa majibu yetu ya siku ile, mtu mwenye baiskeli nzuri angeipita sauti barabara ya Iringa na kuipungia mkono.

Tukarudia. Mambo yale yale. Profesa akakagua saa, akakagua reli, akalowesha kidole akapima upepo. Vijana wake wakaanza kunong'ona kuhusu hewa ya Afrika. Mara ya sijui ngapi uzalendo ukakushinda. Nikasikia ile sauti niliyoizoea imepasua shamba zima:

"Wewe mtumwa! Kinachokuinamisha nini? Gonga reli kabla sijafa!"

"Ukifa ndiyo raha yetu!" nikajibu, nikaigonga kwa nguvu zote.

Jibu likatoka kama lilivyo kitabuni.

Jonasi alishamaliza kutafsiri, hakuna aliyemsikiliza. Profesa Guduruni akaangalia saa, akakuangalia wewe, akaniangalia mimi kule mbali. Nikajua tumekwisha. Kumbe nilikuwa simjui mwanasayansi. Akasema: "Rudieni. Kwa matusi." Tukarudia kwa matusi, jibu zuri. "Sasa kwa heshima." Tukaheshimiana, sauti ikashikwa na baiskeli. "Matusi." Safi. Akatupitisha hivyo mpaka jua likawaka utosini, hataki kuamini mpaka ajaribu tena. Mwishowe akaketi juu ya kichuguu, akavua miwani, akasema: "Nielezeni."

Ile ndiyo siku niliyojivunia wewe, Mnyamwezi mbaya. Hukufoka. Ulichukua ubao, ukachora mishale miwili inayotazamana. Ukamwambia babu zetu waligombana hapa hapa, mmoja anapita na misafara, mwingine analinda nchi yake. Wakachoka. Wakakubaliana ugomvi ubaki mdomoni, mikono ipumzike. "Sukuma ukuta, Profesa, nao ukuta unakusukuma, ndiyo maana huanguki. Huyu mtoto hanichukii. Huyu ndiye atakayenizika. Asiponitukana yeye, nitajuaje kwamba niko nyumbani?"

Jonasi akatafsiri hiyo polepole, neno kwa neno.

Profesa akauliza, je, wao Wajerumani wana watani? Ukamtazama kama mtu aliyeuliza kama maji yana unyevu. "Boma la Kilosa lilijengwa na nani? Babu zenu walipigana na babu zetu wote, bila kubagua. Nyinyi ni watani wa nchi nzima. Mmechelewa tu kuja misibani."

Kisha akasimama, akakunyooshea kidole kirefu, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila Jonasi:

"Mwalimu. Koti lako ni la mwanamke."

Weee! Ukainama ukavitazama vile vifungo vilivyokaa upande wa kike, ukautazama mkanda, ukapapasa mishono ya kifuani iliyokuwa imekutatiza siku zote. Wale vijana wa Kijerumani walijua tangu siku ya kwanza, wamekaa kimya na siri yao. Halafu ukaanza kucheka. Ulicheka mpaka ukauegemea ubao, ubao ukaanguka, nawe ukaanguka nao. Ukiwa bado chini ukasema, "Joto halijui mume wala mke," na ukaendelea kulivaa koti lile mpaka unakufa.

Tangu hapo mambo yalikwenda. Nikamaliza shule, nikasomea ualimu wa fizikia, nikarudi kufundisha meza ya pili kutoka yako, na kila Juni na Julai kambi ipo. Mwaka huu ikawa zamu yangu kupeleka watoto ng'ambo huku Profesa akija Mikumi na wa kwao, tukapishana kama watu wawili mlangoni. Ulinisindikiza stendi. Nikakwambia, "Usinifie nyuma." Ukasema, "Nenda zako huko, wewe ndiye nitakayekuzika, tena kwa dagaa." Ndiyo maneno yetu ya mwisho, na sitaki mengine.

Basi nimerudi. Sikupita hata kwangu. Nimeshuka Kilosa na begi langu, nikapanda gari la mizigo mpaka Rudewa, na njia nzima najiona mshitakiwa. Nilijua Mama Shija, mkeo, ana haki ya kunifungia mlango. Matanga yameisha, mtani ndiyo kwanza anatokea, ana chokoleti mkononi. Nikavua viatu mbali kabisa na kizingiti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Ingia." Nikafungua mdomo kuomba radhi, badala ya maneno kikatoka kilio. Mama Shija akanitazama, akasema: "Nyamaza huko. Wewe uliwakilishwa."

Akanisimulia. Sikiliza, maana ulikuwa ndani ya sanduku, labda hukuona vizuri.

Watu walikuwa wamejaa, kwaya inaimba, katekista yuko mbele na msalaba wake. Mama Shija alikuwa hajalia wala hajanena tangu ulipoanguka. Amekaa tu, macho makavu, mpaka dada zako wakaanza kuogopa. Jeneza likanyanyuliwa. Lilipofika njia ya makaburini, akatokea mzungu mrefu, ndara na soksi, kavaa koti la bluu lenye mkanda. Alikuwa amekwenda kulitoa msumarini chumbani kwako bila kuomba ruhusa. Akasimama katikati ya njia, akatanua mikono.

"Simama! Huyu Mnyamwezi haendi! Ana kesi na Wasagara! Zaina yuko mbali, mimi nashika zamu!"

Mkuu wa shule akataka kwenda kumtoa, wazee wakamshika shati. Profesa akaanza kutembea kama wewe, tumbo mbele, mikono nyuma, akajipapasa mifuko yote kutafuta chaki iliyoko sikioni. Alikuwa kaiweka kabisa, chaki sikioni! Akaligonga jeneza kwa kidole: "Maganga! Amka, hujamaliza kusahihisha! Unaiba koti la mwanamke, halafu unakimbia? Leteni kuku, au anarudi darasani!"

Kwaya ikakatika, anasema Mama Shija. Kisha akasikia mtu anacheka, akageuka kutafuta ni nani huyo asiye na haya, kumbe ni yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akaketi chini mavumbini, na ndani ya kile kicheko machozi yakapata njia. Akalia wee, ndipo dada zako wakashukuru Mungu. Uwanja mzima ukalipuka. Wazee wa Kisagara wakasema mtani amefika, mpeni haki yake, akaletewa jogoo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nao walimfunga kamba nzuri ya mkonge. Profesa akampokea. Hapo, Mwalimu, yule mama asiyecheka wala kulia ovyo alimkumbatia jogoo kifuani, juu ya koti lako, akalia mbele ya watu wote. Akasogea pembeni, ukapita.

Jogoo hakuchinjwa. Yuko Mikumi kambini, anawaamsha Wajerumani alfajiri, wamempa jina la Mwalimu. Ilikuwa lazima ujue hilo.

Kusema kweli niliona wivu. Nikawaza, hata matusi yangu nimeporwa. Mama Shija akanisoma usoni, akaingia ndani akatoka na koti. "Alichofanya yule ni deni la msiba. La kwako mwenyewe bado. Nenda, anakusubiri, na uache hayo machozi hapa mlangoni."

Nikalivaa. Linanitosha, mpuuzi wewe. Lilishonwa kwa mtu kama mimi. Nikaenda peke yangu mpaka kwenye kile kichuguu chako cha udongo, kandokando ya mkonge uliojiotea. Nilikuwa nimejiandalia matusi ndani ya ndege, mazuri, ya kukutoa jasho. Kufika pale yote yamefutika. Nikapiga goti, nikasema shikamoo. Halafu nikavuta pumzi, nikapiga kelele mpaka ndege wakaruka:

"Wewe mtumwa! Ubwabwa wenyewe umekwisha, hata ukoko sikuachiwa!"

Nikasubiri. Hapakuwa na kitu. Upepo tu kwenye mkonge, na ng'ombe wa watu wanapita mbali. Nikasubiri tena. Nikataka kulia, nikakumbuka ule uwanja wa kufyeka.

Nikakumbuka na kingine. Siku ya kwanza kabisa ya somo la sauti, ulikuwa umenisimamisha mbali, mwenzangu akagonga reli, nami nikadakia haraka, "Mwalimu, haijalia!" Ukanicheka. Ukasema: "Nyundo umeiona? Basi imelia. Wewe uko mbali tu. Tulia, sauti iko njiani."

Kwa hiyo nimetulia. Nakuahidi kambi ya Juni haitakufa mikononi mwangu, na hakuna mtoto wa Kilosa atakayepigishwa goti kabla ya kugonga reli. Koti nitalivaa darasani, vifungo upande ule ule, na Mama Shija sitamwacha apike peke yake sikukuu. Nilipotoka kwako nilipita Mikumi nikamwambia Profesa siku akifa nitakwenda Ujerumani kumzuilia jeneza, akasema anangoja kwa hamu.

Lala, mtumwa wangu. Mimi tusi langu nimeshalipiga, umelisikia. Saa ninayo mkononi, nimebonyeza mara moja. Nangoja lako.

Mtani wako,
Zaina